Tarikhi ya Lenzi Tatu, Flashi Moja na Kofia ya Papa Katende

Nyamazeni kidogo, enyi mlioketi barazani na ninyi mnaopita njiani. Mwenye baiskeli aisimamishe, mwenye sufuria apunguze makaa, maana nasimama mbele yenu kusimulia tendo lililo kuu kuliko kutandika reli na gumu kuliko kuvuka Lualaba kwa mtumbwi uliotoboka, yaani jinsi Francine Ngoyi, mwalimu wa darasa la tatu katika mji wa Kamina, alivyoingia dukani Jumamosi asubuhi kuchagua lenzi ya kamera, akatoka akiwa ameshinda. Nawe Nuru, mama wa kila picha, uingiaye katika tundu la bati bila kupiga hodi, nishike mkono nisije nikasimulia gizani.

Francine huyu alikuwa na watoto sitini na wanne darasani, na aliweza kuwanyamazisha wote kwa kuinua nyusi moja tu. Silaha yake ilikuwa kamera aliyoachiwa na dada yake wa Lubumbashi, kamera nzuri yenye mwili imara, ila jicho lake lilikuwa limekufa. Kuvu ilikuwa imeingia ndani ya lenzi na kutanda kwenye kioo, na kila picha iliyotoka humo ilionekana kama imepigwa kupitia bakuli la uji. Kwa hiyo kamera ililala kabatini katikati ya mashuka, na picha za familia zikawa zinapigwa kwa simu.

Na hapo ndipo kilipoanza chanzo cha vita.

Huko Kaniama aliishi baba yake, Papa Katende, mzee wa miaka themanini na mmoja, mlimaji wa mahindi, mwenye kofia ya rangi ya kahawia ambayo jua la miaka thelathini lilishindwa kuing'oa kichwani pake. Kila likizo kubwa Francine, mumewe na watoto walipanda treni kwenda kumwona, na kila likizo walipanga mstari chini ya baraza la nyumba yake, jua likiwa nyuma yao, wakapiga picha ya safari. Na kila mwaka ikawa vilevile: mashati yalionekana, meno ya watoto yalionekana, hata kuku aliyepita alionekana, lakini Papa Katende alitokea akiwa kofia. Chini ya kofia palikuwa na giza, na chini ya giza palikuwa na suruali.

Watu walicheka, naye alicheka pamoja nao, mpaka mwaka ule mkewe Bitota, mama yake Francine, alipofariki katika msimu wa mvua. Wakatafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza. Waliyoipata ilikuwa ya baraza lile lile, wazee wawili wamekaa bega kwa bega, kofia upande huu, kitambaa cha kitenge upande ule, na sura hakuna. Wakamzika Mama Bitota kwa picha ya kadi ya mpiga kura, iliyokuzwa mpaka akawa nukta nukta.

Pasaka ilipofika, Papa Katende alipiga simu, akanena maneno haya kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo mimi ni minyi na ndiye ni njo, na Francine akayasikiliza akiwa amesimama:

“Francine, mutoto yangu, sikia. Banapiga minyi picha miaka mingi. Kila mwaka banasema, Papa, cheka. Minyi nacheka! Na kila mwaka banakuya kunionyesha chapeau, hii kofia. Mama yako alienda, na sura yake hatuna. Bon. Mwaka huu utapiga moja. Moja tu, sikia muzuri. Kama iko chapeau tena, imeisha. Hata siku ya kunizika, mutaweka chapeau.”

“Papa, si utoe tu hiyo chapeau kidogo?”

“Mama yako njo alinivalisha. Haitoke.”

Simu ikakatika. Francine akabaki akitazama ukuta, na mumewe alipomuuliza kuna nini, alimjibu kwamba vita imetangazwa.

Mwezi wa sita zamu yake ya likelemba ikafika, ule mchango ambao walimu kumi wa kike huuweka pamoja na kumpa mmoja wao kila mwezi. Wenzake walitarajia anunue viti. Yeye alizifunga fedha katika pembe ya kitenge chake, akaitia kamera katika mfuko wa shule, akaondoka nyumbani saa tatu asubuhi. Pembeni yake alitembea Nahum, mumewe, fundi wa baiskeli, mwenye mabega mapana na moyo unaopenda vitu vikubwa.

Duka la Zébédée lilikuwa karibu na soko, chini ya baraza lenye nguzo mbili. Zébédée mwenyewe alikuwa amepiga picha za harusi kwa miaka arobaini, akastaafu kwa sababu ya magoti, na sasa aliuza vifaa vilivyotumika, akivitunza ndani ya kabati la kioo pamoja na vifuko vya mchele mkavu vya kufukuza unyevu. Aliposikia haja yao alifungua kabati, akazitandika lenzi tatu juu ya taulo, polepole, kama mtu anayewatambulisha wana wake kwa wageni.

Ya kwanza ilikuwa ndefu kama mkono wa mtoto, nyeusi, nzito, yenye kinywa kipana. Nahum alipoiona akavua kofia yake.

“Mama Plamedi,” akamwambia mkewe, kwa jina la binti yao wa kwanza, na sauti yake ilitetemeka. “Angalia hii mzinga. Minyi, Nahum, minasema mbele ya Papa Zébédée: tukibeba hii, tutasimama hapa Kamina na tutaona mbu ku pua ya mutu wa Kabongo. Bantu bataona sisi ku gare ya treni, batauliza, hawa ni banani? Batajibiwa, ni bajournalistes!”

“Papa yangu haiko Kabongo,” Francine akajibu. “Iko ku benchi, mbele yangu.”

“Lakini nguvu yake! Ona nguvu!”

“Na bei yake?” Francine akamgeukia mwenye duka.

Zébédée akataja bei. Ilikuwa sawasawa na likelemba yote, haibaki hata ya betri. Nahum akainua uso kwa matumaini, kwa sababu alisikia tu kwamba fedha zinatosha.

Mwalimu akafikiri. Kisha akatamka agizo lililoanzisha pambano: “Tutaijaribu. Tutakuwa bantu kumi na moja Kaniama. Munipe bantu kumi na moja.”

Akatoka nje, akainua nyusi moja kuelekea soko. Ndugu zangu, sijui ilikuwaje, lakini walikuja. Alikuja mama muuza samaki wa kukauka wa Bukama, akiacha meza yake kwa jirani. Wakaja wawili wa nyanya na mmoja wa chumvi, wakaja waendesha pikipiki wawili waliokuwa hawana abiria, na mke wa askari kutoka kambini aliyekuja kununua sabuni akakamatwa pamoja na wanawe watatu. Wa kumi na moja alikuwa mhubiri aliyekuwa akipita na Biblia, ambaye alidhani ni ubatizo. Francine akawapanga chini ya baraza, jua likiwa nyuma yao kama kule Kaniama. Akamkalisha mama wa samaki katikati na kumvika kofia ya Nahum, akimwambia, “Mama, weye sasa ni papa yangu.”

“Bon,” akasema mama yule, akanyoosha mgongo. “Musalimu papa yenu.”

Nahum akaichomeka lenzi ndefu kwenye kamera. Akatazama, akaona pua ya mhubiri imejaa kioo kizima. Akarudi nyuma hatua tatu, akaona pua na sikio. Akarudi nyuma tena, akavuka mfereji, akaingia barabarani huku baiskeli yenye magunia ya makaa ikimpigia kengele, akaendelea kurudi bila kuangalia nyuma, shujaa asiyegeuza uso wake kwa adui, akawafikia watu watano, akawafikia saba, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa kinu cha kusaga mahindi upande wa pili wa barabara. Hapo hapakuwa na pa kurudi tena. Bado watu wanne walikuwa nje ya picha. Akajisukuma pembeni kutafuta nafasi, goti lake likagonga toroli, naye akaketi kwa heshima zote juu ya mahindi ya mtu, mzinga wake ukielekea mbinguni.

“Umepata bote?” Francine akampigia kelele kutoka ng'ambo.

“Minapata mawingu!” akajibu Nahum.

Soko likacheka, na mwenye toroli akacheka kuliko wote. Nahum akavuka barabara akijikung'uta, akiishika ile lenzi kifuani.

“Kaniama, kutoka benchi mpaka ukuta wa jikoni, ni hatua tano,” Francine akasema. “Nilipima mwenyewe.”

Zébédée akatabasamu, akainua ya pili. Ilikuwa fupi na nene, haina cha kuzungushia ili kuvuta karibu au kusogeza mbali. “Huyu mudogo,” akasema, na sauti yake ikalainika, “alinilishia batoto. Anakamata hata mwangaza kidogo sana, ndani ya kanisa pia. Uso wa mutu, hakuna mwingine anaupiga sawa yeye. Jaribu, Madame.”

Francine akajaribu kwa mama wa samaki peke yake. Picha ilipotokea kwenye kioo cha kamera, waliosimama karibu walishusha pumzi. Mama alionekana kama malkia, na soko lote nyuma yake limeyeyuka kuwa rangi. Mama mwenyewe alitazama kwa muda, akatangaza kwamba haondoki dukani bila nakala.

Lakini Francine alipohesabu hatua tano kutoka kwa jeshi lake, akasimama na kutazama, aliwapata wanne na nusu. Nusu ile ilikuwa ya mhubiri. Hapo, mabibi na mabwana, moyo wake uligawanyika, kwa sababu alikwisha kuuona uso wa baba yake ndani ya lenzi ile, uso mkubwa, wazi, kila kunyanzi mahali pake. Angeweza kumpiga Papa peke yake, wengine wakae kando. Akaishika lenzi ndogo mkononi, akaigeuza, akaiweka chini.

“Papa amesema picha moja,” akasema. “Na hatakubali picha bila batoto yake.”

Ikabaki ya tatu, ya plastiki, nyepesi, yenye mkwaruzo kwenye pete, ile ambayo kila kamera huzaliwa nayo na kila mpiga picha huiacha akipata fedha. Nahum hakuitazama hata. Francine akaichomeka, akaizungusha mpaka mwisho, akasimama kwenye hatua ya tano. Wote kumi na mmoja walikuwamo, na nafasi ya kuku ikabaki. Akabonyeza.

Wakaikimbilia picha. Na tazama! Mashati, meno ya watoto, Biblia, na katikati yao kofia, na chini ya kofia, giza.

“Papa yangu huyo,” akasema Francine kwa sauti ndogo. “Njo yeye, sawa sawa.”

Mama wa samaki alipojiona hana uso alikasirika sana, kwa sababu dakika chache zilizopita alikuwa malkia. “Weye Zébédée,” akanguruma, “miaka arobaini unapiga bibi-harusi, na hapa unaniacha gizani? Toa dawa!”

Zébédée akainama chini ya meza, magoti yakilia. Alitoa kwanza flashi kubwa ya zamani, kubwa kama tofali, akairudisha haraka alipoona macho ya Nahum yanawaka tena. “Hii hapana. Ni ya aparei, kamera za zamani, umeme yake iko kali, itachoma hii yenu.” Kisha akatoa nyingine ndogo, yenye kichwa kinachogeuka, na kifuniko cha betri kilichovunjika ulimi. “Hii njo iko sawa. Jua likikaa nyuma ya mutu, unapiga flash mbele, hata muchana. Bantu banafikiri flash ni ya usiku. Hapana, Madame. Flash ni ya chapeau.”

Akatia betri nne, akakibana kifuniko kwa kidole. Mwangaza ukapiga mchana kweupe, watoto wa askari wakapiga kelele, na kwenye kioo cha kamera, chini ya kofia ya Nahum, akatokea mama wa samaki, na mashavu yake, na pengo la meno ya mbele, na hasira yake bado haijaisha. Kumi na mmoja wale, ambao hawakujuana saa moja kabla, walishangilia kama watu waliotekwa na sasa wamefunguliwa.

Likelemba ilitosha lenzi ya plastiki, flashi na betri nane. Haikutosha zaidi. Nahum akaishika tena ile ndefu, kisha akaiweka juu ya taulo kwa mikono miwili, kama mtu anayemrudishia jirani mtoto aliyekwisha kumzoea.

“Mama Plamedi,” akasema, “minyi nilitaka bantu batuone. Weye unataka tuone Papa. Umenishinda.” Kisha, ili asiondoke bila sehemu yake katika ushindi, akatoa mfukoni kipande cha mpira wa ndani wa tairi, akakifunga kifuniko cha flashi kwa mafundo mawili ya kifundi ambayo hayajafunguka mpaka leo.

Likizo kubwa ilipofika, treni iliondoka baada ya siku mbili za kuingojea, na safari yake siisimulii, kwa sababu mateso ya treni ni kitabu kingine. Walifika Kaniama mahindi yakiwa yameshavunwa. Siku ya pili, saa tisa alasiri, jua kali likiwa nyuma ya nyumba, familia ikapangwa barazani: Nahum na watoto, kaka na wake zao, wajukuu wawili chini mkekani, na katikati, kwenye benchi, Papa Katende amekaa wima, mikono magotini, kofia mahali pake. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kusikia hukumu.

Francine akarudi hatua tano, mgongo ukagusa ukuta wa jikoni. Watoto sitini na wanne hawakuwahi kumtetemesha, lakini mzee mmoja na ahadi ya picha moja walimtetemesha.

“Uko nangoya nini?” Papa akauliza bila kusogeza midomo.

“Taa nyekundu, Papa. Nyuma ya flash. Isipowaka, haipige.”

“Na itawaka siku gani?”

“Papa, usinichekeshe.”

Mjukuu mmoja akapiga chafya. Mbuzi akapita, akafukuzwa. Ile taa, nyembamba kama kichwa cha sindano, ikawaka. Francine akashika pumzi, akabonyeza, na mwangaza ukafyatuka kutoka jikoni mpaka barazani, ukaingia chini ya kofia mahali ambapo jua lenyewe lilishindwa kuingia.

Hakutazama. Alimpelekea baba yake kamera, akapiga magoti mbele yake, akamshikia kioo. Mzee akakisogeza mbali, akakisogeza karibu. Akakisogeza tena mbali, mpaka Nahum akaanza kuomba kwa ndani.

“Huyu mutu,” Papa Katende akasema mwishowe, “ni papa yangu.”

“Ni weye, Papa.”

“Minajua ni minyi. Lakini ona midomo. Ona hapa, chini ya macho. Papa yangu alikufa, minyi ningali kijana, hakuna picha yake hata moja. Nilisahau sura yake, Francine. Miaka yote hii nilimusahau, kumbe minamubeba.” Akacheka, akajifuta kwa mgongo wa mkono, akaendelea kutazama. Akawapitia wote mmoja mmoja kwa kidole, akiwataja majina. Alipofika mwisho akarudi mwanzo, akakunja uso.

“Na weye? Weye uko wapi humu?”

“Minyi njo nilipiga, Papa.”

“Na mwaka ule mwingine?”

“Minyi njo nilipiga.”

“Na ile ya mama yako?”

Mzee akainuka, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, akamwekea Nahum kamera mikononi. “Kamata hii mashini. Weye Francine, kaa hapa. Hapa, karibu na minyi.”

“Papa, ulisema moja tu.”

“Ile moja ilikuwa ya chapeau. Hii ni ya mutoto yangu.”

Basi iandikwe, na watunzao habari za nchi hii wasije wakasema hawakuambiwa: mwaka huu, mwezi wa saba, huko Kaniama, Nahum fundi wa baiskeli alisimama mgongo ukiwa ukutani, akaingojea taa nyekundu, na safari hii Papa Katende hakuuliza itawaka lini. Flashi ikapiga. Picha ilitoka imepinda, nyumba imeegemea upande mmoja kama inataka kuondoka, na mtoto mmoja amefumba macho. Lakini Francine Ngoyi, mwenye nyusi za vita, mpiga picha wa miaka yote, yumo.